Breka Inapokata: Namna ya Kutambua na Kurekebisha Hitilafu za Umeme Nyumbani na Mahali pa Biashara

Jioni, wakati wateja ni wengi, umeme wa duka unakatika. Mwenye duka anafungua kisanduku cha breka, anakuta kikono kimoja kimeshuka, anakipandisha. Baada ya dakika chache kinashuka tena. Kinapokataa mara ya tatu anaitwa kijana wa jirani, naye anaweka breka kubwa zaidi. Taa zinawaka, biashara inaendelea, na kila mtu anaamini kuwa hitilafu imekwisha. Kumbe imebaki palepale ilipokuwa, na mlinzi aliyekuwa akiitangaza ndiye aliyeondolewa.

Tunduma ni mji wa mpakani usiolala mapema. Maduka, saluni, nyumba za wageni, karakana za kuchomelea na mashine za kusaga nafaka zimesongamana kando ya barabara kuu inayokwenda Nakonde, na si ajabu kukuta nyumba iliyojengwa kwa ajili ya familia moja ikiwa sasa na wapangaji kadhaa nyuma na fremu za biashara mbele. Watumiaji wameongezeka ilhali nyaya ni zilezile. Makala hii inaeleza namna mkazi anavyoweza kuitafuta hitilafu kwa mpangilio bila kufungua kifaa chochote, na mahali ambapo anapaswa kusimama ili fundi mwenye leseni aendelee.

Swali la kwanza: hitilafu iko upande gani?

Kabla ya kugusa chochote, mkazi atazame nje. Ikiwa majirani nao hawana umeme, tatizo liko kwenye njia ya umeme. Ikiwa majirani wanao, atazame mita ya LUKU: huenda uniti zimekwisha. Nguzo, waya unaoingia nyumbani na mita yenyewe ni dhamana ya TANESCO. Hakuna fundi wa mtaani anayeruhusiwa kukata lakiri ya mita. Kuanzia baada ya mita, yaani swichi kuu, breka, nyaya za ukutani, soketi na taa, dhamana ni ya mwenye nyumba.

Ipo dalili moja ya nje isiyotakiwa kusubiri hata dakika. Taa zikianza kung'aa kupita kawaida huku za jirani zikififia, inawezekana waya wa nyutro umekatika au umelegea kwenye njia ya umeme. Hapo volti ndani ya nyumba zinaweza kupanda mbali juu ya 230 za kawaida na kuunguza friji na televisheni kwa pamoja. Zima swichi kuu mara moja, waarifu majirani, kisha toa taarifa TANESCO kwa namba 180.

Hitilafu nne na dalili zake

Hitilafu nyingi za ndani huangukia katika makundi manne.

Ya kwanza ni shoti: waya wa moto unagusana na nyutro au na ethi. Breka hukata papo hapo, mara nyingine kwa mlio au cheche.

Ya pili ni mzigo kuzidi. Breka hushika kwa muda, kisha hukata, kwa sababu inakatwa na joto linalojikusanya polepole. Nyaya na plagi huwa za moto zikiguswa kwa nje.

Ya tatu ni umeme kuvuja. Kihami cha waya au cha kifaa kimechakaa, na umeme unapita kwenye bati la friji, kwenye ukuta wenye unyevu au kwenye maji ya heta. Mtu huhisi kutekenywa anapogusa. Penye breka ya kuzuia uvujaji, ndiyo itakayokata.

Ya nne ni kiungo kilicholegea au kukatika. Taa hucheza, soketi hulia kama inakaanga, plastiki hugeuka rangi na harufu ya kuungua husikika. Hii ndiyo yenye hila kuliko zote, kwa kuwa mara nyingi breka haikati: mkondo ni wa kawaida, lakini unapita penye mguso mdogo na kuzalisha joto kali mahali pamoja. Soketi iliyobadilika rangi isitumike tena hata kama inafanya kazi.

Kutafuta kwa kuondoa kimoja kimoja

Breka iliyokata irudishwe mara moja tu. Ikikata tena, kazi ya kutafuta ianze kwa mpangilio huu, mikono ikiwa mikavu na viatu vikiwa miguuni:

1. Chomoa plagi zote kwenye soketi na zima taa zote. Kuzima kifaa kwa kitufe chake hakutoshi, maana waya wake bado umeungwa na soketi.

2. Shusha breka zote ndogo, kisha washa swichi kuu. Ikikata wakati huu, usiendelee, ita fundi.

3. Pandisha breka moja baada ya nyingine. Inayokata ilhali hakuna kifaa kilichochomekwa inaonyesha kuwa ubovu uko kwenye nyaya, soketi au taa za njia hiyo. Iache ikiwa imeshuka. Njia nyingine zinaweza kuendelea kutumika hadi fundi afike.

4. Breka zote zikishika, washa taa, kisha chomeka kifaa kimoja kimoja. Kinachofanya breka ikate ndicho kibovu. Kitengwe, kipelekwe kwa fundi.

5. Kila kifaa kikifanya kazi kikiwa peke yake, lakini breka ikakata vinapotumika pamoja, mzigo umezidi.

Matokeo ya kila hatua yaandikwe. Fundi anayeambiwa kuwa breka ya tatu inakata hata soketi zikiwa tupu huanza kazi mahali panapohusika, badala ya kubomoa ukuta kwa kubahatisha.

Hesabu ya saluni

Mzigo unapimwa kwa hesabu rahisi: wati za vifaa vyote zijumlishwe, zigawanywe kwa volti 230, na jibu ni ampea. Chukulia saluni yenye mashine mbili za kukaushia nywele zenye wati 2,000 kila moja, na birika la umeme la wati 2,000. Jumla ni wati 6,000, sawa na ampea 26. Njia ya soketi yenye waya wa milimita za mraba 2.5 kwa kawaida hulindwa na breka ya ampea 20. Breka hiyo itashika kwa muda kisha ikate, na itakuwa imetimiza wajibu wake.

Fundi akiweka breka ya ampea 32 mahali pa ile ya 20, breka itanyamaza, lakini waya ndani ya ukuta utaendelea kubeba ampea 26 usizopangiwa. Joto la waya haliongezeki sambamba na mkondo: mkondo ukiwa maradufu, joto huwa mara nne. Kihami hulainika, hukauka, hupasuka, na siku moja nyaya hugusana juu ya dari ambako hakuna anayeona. Breka huchaguliwa kwa kufuata unene wa waya. Tiba ya saluni hiyo ni kutenganisha matumizi, au kumwita fundi avute njia mpya kutoka kwenye kisanduku cha breka. Ekstensheni haiongezi uwezo. Plagi yenye fyuzi ya ampea 13 ina kikomo cha wati 3,000 hivi, hata kama ekstensheni ina matundu sita.

Mashine za kusaga na karakana

Mota za njia tatu zina ugonjwa wao. Njia moja ikikatika, mashine hunguruma bila kuanza, au hupoteza nguvu ikiwa inazunguka, na njia mbili zilizobaki hubeba mzigo wote. Mota inaweza kuungua ndani ya dakika chache. Asiyejua huisukuma kwa kuvuta mkanda. Anayejua huizima mara moja, kisha hutafuta fyuzi iliyokatika au kiungo kilicholegea. Volti zikishuka sana nazo huilazimisha mota kuvuta mkondo mkubwa zaidi. Kwa hiyo mashine ya kusaga iwe na kifaa cha kuilinda dhidi ya mzigo kuzidi na dhidi ya kupotea kwa njia moja, kikipangwa kulingana na ampea zilizoandikwa kwenye bamba la mota. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na kusuka mota upya wakati wa msimu wa mavuno.

Kazi ya fundi

Baada ya kujua njia yenye ubovu, kufungua soketi, swichi au kisanduku ni kazi ya fundi mwenye leseni. Fundi makini huzima swichi kuu, huhakikisha hakuna atakayeiwasha, kisha hupima kwanza kama kweli umeme haupo. Testa ya bisibisi haitoshi kwa uamuzi huo. Huweza kuwaka kwenye matundu yote mawili ya soketi nyutro inapokuwa imekatika, na huweza kutowaka kwa sababu tu imekufa. Mita ya kupimia volti ndiyo ya kutegemewa.

Ili kubaini uvujaji, fundi hutumia mita maalumu inayosukuma volti 500 kwenye nyaya zilizotengwa na vifaa, na ukinzani wa kihami haupaswi kuwa chini ya megaohmu 1. Waya ulioungua hukatwa na kubadilishwa. Kuuzungushia utepe ni kuficha kidonda. Viungo huwekwa ndani ya kisanduku chenye skrubu za kubana, wala havisokotwi na kuachwa darini. Katika nyumba za zamani waya wa moto ni mwekundu na nyutro ni nyeusi. Katika nyaya mpya moto ni kahawia na nyutro ni bluu. Ethi ni kijani, au kijani na njano. Nyumba iliyoongezewa vyumba inaweza kuwa na aina zote mbili, kwa hiyo rangi peke yake isiaminiwe bila kipimo.

Ethi, kiangazi na heta za maji

Kwa baridi ya Juni na Julai, nyumba za wageni na familia nyingi hutegemea heta za maji. Miezi hiyo ndiyo pia ardhi inapoanza kukauka, na udongo mkavu hupitisha umeme kwa shida. Fimbo ya ethi iliyozikwa juujuu inaweza kuwa imefanya kazi vizuri wakati wa masika na isifanye kazi wakati wa kiangazi. Ethi izame hadi kwenye udongo wenye unyevu, na ipimwe kwa mita wakati wa ukame.

Breka ya kawaida haimlindi mtu. Balbu ya wati 60 huvuta takriban milliampea 260, ilhali mkondo unaozidi milliampea 30 ukipita mwilini unaweza kuvuruga moyo. Breka ya ampea 20 haiutambui kabisa mkondo huo. Kinachookoa maisha ni breka ya kuzuia uvujaji ya milliampea 30, yenye kitufe cha majaribio ambacho mwenye nyumba anapaswa kukibonyeza mara kwa mara aone kama inakata. Mtu akihisi kutekenywa na maji ya kuoga, asiendelee kuoga. Heta izimwe kwenye breka na isiwashwe hadi ichunguzwe.

Ajali ikitokea

Aliyenaswa na umeme asishikwe kwa mikono. Swichi kuu izimwe kwanza. Isipofikika, asukumwe kwa ubao au mti mkavu, mwokoaji akiwa amesimama juu ya kitu kikavu. Waya wa nguzo ulioanguka usisogelewe na mtu yeyote. Moto wa umeme usimwagiwe maji kabla umeme haujakatwa. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupigiwa kwa namba 114.

Kuchagua fundi

Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 inamtaka anayefanya kazi ya kufunga mifumo ya umeme awe na leseni, nayo hutolewa na EWURA. Mkazi ana haki ya kuomba kuiona kabla ya kazi kuanza, na kuuliza maswali matatu baada ya kazi kumalizika: chanzo kilikuwa nini, nini kimebadilishwa, na vipimo vimesemaje. Majibu yaandikwe kwenye karatasi na yahifadhiwe pamoja na namba ya mita. Fundi asiyeweza kutaja chanzo hajarekebisha hitilafu, hata kama taa zinawaka anapoondoka.