SOMO LA AFYA YA AKILI: KWA NINI TUNAULIZWA HABARI ZA UTOTO WETU?



Wengi wenu mliingia Uganda kwa kuvuka kutoka Kasindi hadi Mpondwe. Mlipita Bwera na Kasese, kisha mkapelekwa Rwamwanja, Kyaka II au kwenye makazi mengine ya wakimbizi. Katika safari hiyo na baada yake, watu wengi hufika kituo cha afya wakilalamika kichwa, mgongo, moyo kwenda mbio au kukosa usingizi. Mtu anapimwa malaria na haonekani nayo. Kisha mhudumu anamuuliza: "Ulipokuwa mtoto uliishi na nani? Nyumbani kulikuwa na amani?"

Wapo wanaokasirika. Husema: "Nimekuja na kichwa, wewe unaniuliza habari za baba yangu aliyekufa zamani. Leo sina chakula, utoto wangu unahusu nini?" Swali hilo ni la haki, na somo hili linajaribu kulijibu.

SONONA NI NINI?

Sonona ni ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Wengine huuita "mawazo mengi" au "moyo kuchoka". Si kila huzuni ni sonona. Aliyefiwa hulia, na aliyepoteza shamba husikitika. Tunafikiria sonona pale mtu anapokuwa na huzuni, au anapokosa hamu ya mambo aliyoyapenda, karibu kila siku kwa muda wa wiki 2 au zaidi, pamoja na dalili nyingine kama hizi:

- kukosa usingizi, au kulala kupita kiasi;
- kuchoka bila kufanya kazi;
- kukosa hamu ya chakula, au kula kupita kiasi;
- kujiona hafai, au kujilaumu kwa mambo yasiyo kosa lake;
- kushindwa kufuata mazungumzo au kazi ndogo;
- kufikiri kwamba ni afadhali kufa.

Mama mwenye sonona si mvivu, na baba mwenye sonona si dhaifu. Wanaumwa, na ugonjwa huu una tiba.

UTOTO UNAINGIAJE HAPA?

Waswahili husema: samaki mkunje angali mbichi. Mwili na akili ya mtoto ni vibichi. Mtoto anayeishi kwa hofu kila siku hujifunza kukaa macho: moyo hukimbia upesi, usingizi huwa mwepesi, na kila sauti kubwa ni hatari. Mazoea hayo humsaidia kuokoka wakati wa hatari. Lakini hatari ikiisha, mwili unaweza kubaki na mazoea yaleyale kwa miaka mingi. Vilevile mtoto anayeambiwa kila siku kwamba hana maana anaweza kukua akiamini hivyo.

Mwaka 1998 madaktari Vincent Felitti na Robert Anda, pamoja na wenzao, walitoa matokeo ya utafiti uliofanyika San Diego, Marekani. Waliwauliza maelfu ya watu wazima kama walipigwa, walidhalilishwa au walichezewa kimwili utotoni. Kama waliona mama akipigwa. Kama mtu wa nyumbani alikuwa mlevi, mgonjwa wa akili au mfungwa. Zaidi ya nusu walisema walipatwa na angalau jambo moja. Kadiri mambo hayo yalivyokuwa mengi, ndivyo sonona, ulevi na majaribio ya kujiua yalivyozidi kuonekana katika utu uzima.

Hata hivyo, watu wale hawakuulizwa habari za vita. Baadaye Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitengeneza hojaji kwa ajili ya nchi mbalimbali, kwa watu wa miaka 18 na zaidi. Hiyo huuliza pia juu ya kufiwa na wazazi, kuonewa na watoto wengine, kuona watu wakipigwa mtaani, na vita.

MAMBO YA KASESE NA BWERA

Katika milima ya Rwenzori maswali hayo yana uzito wake. Wazee wa Kasese wanakumbuka mapambano ya Rwenzururu ya 1962 hadi 1982. Mwezi Novemba 1996 waasi wa ADF walishambulia Mpondwe. Mtoto aliyekuwa na miaka 8 wakati huo leo ni mtu mzima, huenda ana watoto wake. Ng'ambo ya mpaka, wenzake wa umri huo walikulia katika vita vya Kongo vya 1996 hadi 1997 na vya 1998 hadi 2003. Baadaye yakaja mapigano ya mji wa Kasese ya Novemba 2016, ambamo watu zaidi ya 100 walikufa. Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013 na tena Mei 2020. Juni 2023 wanafunzi wa shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, waliuawa usiku mabwenini mwao.

Kwa hiyo mhudumu anaweza kudhani kwamba amekwisha jua sababu: "Huyu ni mtu wa vita." Hapo anaweza kukosea. Vita huonekana na kila mtu, lakini ya nyumbani hufichwa. Tuseme kuna mama wa watoto wanne aliyekimbia risasi mara mbili. Anapoulizwa vizuri, anaeleza kwamba linalomrudia usiku si risasi. Alipofiwa na mama yake akiwa na miaka 7, alipelekwa kwa ndugu, akafanywa mtumishi na kupigwa, wakati watoto wa nyumba ile walienda shule. Mpaka leo mumewe akipaza sauti kidogo, yeye huganda. Asingeulizwa, mhudumu angetibu jambo moja na kuacha lingine.

TATHMINI NZURI HUFANYIKA HIVI

1. Usalama kwanza. Kabla ya habari za zamani, mhudumu huuliza kama unafikiria kujidhuru, na kama kuna mtu anayekupiga au kukutisha sasa.

2. Mahitaji ya leo. Chakula, makazi, mtoto mgonjwa, ndugu aliyepotea. Mambo haya hayafichwi nyuma ya maswali ya utoto.

3. Magonjwa mengine. Upungufu wa damu, ugonjwa wa tezi ya shingo, VVU, pombe na baadhi ya dawa huweza kuleta dalili kama za sonona. Mwanamke aliyejifungua karibuni huulizwa habari hiyo pia. Tena utaulizwa kama uliwahi kuwa na siku nyingi za nguvu na furaha kupita kiasi bila kulala, kwa sababu ugonjwa huo una tiba yake tofauti.

4. Kupima uzito wa sonona. Hojaji moja inayotumika sana ina maswali 9 juu ya wiki 2 zilizopita. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, na jumla haizidi 27. Aliyepata 10 au zaidi huchunguzwa kwa makini zaidi.

5. Utoto, kwa ruhusa. Mhudumu mwema husema: "Mama, naomba kukuuliza mambo ya utotoni. Mengine ni mazito. Ukitaka kuruka swali, ruka. Jibu ndiyo au hapana linatosha."

6. Mema pia. Nani alikupenda? Nani alikuficha, alikulisha, alikufundisha? Bibi mmoja mwenye upole au mwalimu mmoja huweza kupunguza madhara mengi. Nguvu hiyo hutafutwa tena katika tiba.

ALAMA HAZISEMI KILA KITU

Tafadhali shika jambo hili. Jumla ya mambo mabaya ya utotoni haitambulishi ugonjwa. Watu wawili wanaweza kuwa na jumla moja, mmoja ana sonona na mwingine ni mzima. Jumla kubwa si hukumu kwamba hutapona, wala si unabii juu ya watoto wako.

Kumbukumbu nayo ina mipaka. Aliye katika huzuni hukumbuka mabaya upesi kuliko mema. Mwingine husahau, mwingine huona aibu. Mwingine hujibu "hapana" kwa sababu kwao fimbo iliitwa malezi. Ndiyo maana ni bora kuuliza tendo lenyewe, kwa mfano "Uliwahi kupigwa mpaka ukaachwa na alama?", kuliko kuuliza "Ulionewa?"

Lugha pia ni muhimu. Swali lililotoka Kiingereza kwenda Kiswahili, kisha Kinande au Lhukonzo, linaweza kufika limebadilika. Kama hukuelewa, sema. Mkalimani asiwe mtoto wako wala jirani yako. Una haki ya kuomba mkalimani mwanamke au mwanamume.

JE, MAJIBU YANGU YANAENDA WAPI?

Wengine huogopa kwamba majibu yatawafikia wenye dini, mume, au wanaoshughulikia hati za ukimbizi. Wengine hutumaini kwamba alama kubwa itawapa nafasi ya kupelekwa nchi ya tatu. Hojaji hii ni ya matibabu. Haikutengenezwa kupanga watu katika foleni ya safari. Kabla hujajibu uliza: "Karatasi hii itakaa wapi? Nani ataisoma?" Una haki ya kujibiwa waziwazi. Uliza pia ni hali gani zinazomlazimu mhudumu kuwaambia wengine, kwa mfano mtoto akiwa hatarini au uhai wako ukiwa hatarini.

JE, NI LAZIMA NISIMULIE YOTE ILI NIPONE?

Hapana. Mficha maradhi, kifo humuumbua, ni kweli. Lakini kusema kwamba unaumwa ni jambo moja, na kulazimishwa kufukua kila kidonda ni jambo lingine. WHO haishauri kumketisha mtu mara moja tu baada ya msiba na kumtaka asimulie yote yaliyompata.

Hapahapa Uganda tuna mfano mzuri. Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya wilaya za Rakai na Masaka, watu wenye sonona waliwekwa katika vikundi, wanawake peke yao na wanaume peke yao. Walikutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16. Viongozi hawakuwa madaktari. Walikuwa wenyeji waliofundishwa kwa wiki 2. Walizungumzia matatizo ya sasa: msiba, ugomvi, mabadiliko ya maisha na upweke. Kabla ya vikundi, watu 86 katika kila 100 walikuwa na sonona. Baadaye walibaki kama 7. Katika vijiji ambavyo havikupata vikundi, idadi ilishuka kutoka 94 hadi 55 tu.

Dawa pia zipo kwa wanaozihitaji. Hazifanyi kazi siku moja. Huchukua wiki kadhaa. Usiziache ghafla bila kumwona aliyekupa, na usimgawie jirani.

Basi faida ya kuulizwa habari za utoto ni nini? Ni kumsaidia mhudumu akuelewe: kwa nini unaganda, kwa nini humwamini mtu, kwa nini unajilaumu. Na ni kukusaidia wewe ujue kwamba yaliyokupata hayakuwa kosa lako, na kwamba watoto wako wanaweza kupata malezi mengine.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kuna tofauti gani kati ya huzuni ya msiba na sonona?
2. Kwa nini watu wawili walioona vita ileile wanaweza kuwa na hali tofauti?
3. Ungejisikiaje kama mkalimani angekuwa jirani yako? Ungesema nini?
4. Katika mtaa wetu, ni jambo gani moja tunaloweza kumfanyia mtoto aliyefiwa ili asikue peke yake?

(Katika kujadili, mtu asilazimishwe kusimulia maisha yake.)

TAHADHARI: Mtu akisema anataka kufa, au akianza kuaga na kugawa vitu vyake, usimcheke wala usimkemee. Usimwache peke yake. Ondoa karibu naye dawa za mimea, kamba na visu. Kumuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Mwite mhudumu wa afya wa kijiji au umsindikize kituo cha afya siku hiyohiyo, iwe mchana au usiku.