Mtoto Anayechelewa Kusema: Anza na Masikio, Usingoje Ulimi

Somo hili ni la wazazi na walezi wa watoto wa kati ya mwaka 1 na miaka 3, hasa wanaoishi Nunguni na vijiji vya milima ya Kilungu. Linajibu swali moja: mtoto amefikisha miaka 2, anatembea, anakula na kucheza vizuri, lakini hasemi. Je, tungoje au tumpeleke hospitalini? Jibu fupi ni hili: mpeleke, na jambo la kwanza la kupimwa ni masikio.

Kwa nini tusingoje

Nyumbani sababu za kungoja hazikosi. Susu atasema hata babake mtoto alichelewa. Jirani atasema wavulana ndivyo walivyo. Mwingine atasema mtoto amechanganyikiwa kwa kusikia Kikamba, Kiswahili na Kiingereza kwa pamoja.

Ni kweli kuna watoto wanaochelewa kusema na baadaye wakawafikia wenzao bila tiba yoyote. Shida ni kwamba huwezi kumtambua mtoto huyo kwa kumtazama tu. Mtoto atakayeanza kusema mwenyewe na mtoto asiyesikia vizuri wanaweza kufanana kabisa wakiwa na miaka 2. Wote wawili wanacheka, wanacheza, na wanakuvuta mkono kukuonyesha wanachotaka.

Kumpima mtoto ambaye hana shida kutakugharimu siku moja, nauli na foleni. Kutompima mwenye shida kutamgharimu miaka ile ambayo ubongo hujifunza lugha kwa wepesi zaidi. Akiingia PP1 na miaka 4 bila kumsikia mwalimu vizuri, ataitwa mkaidi au mzito wa kuelewa, na huenda akaadhibiwa kwa kosa ambalo si lake. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Dalili za kuangalia kwa umri

Kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto, kile unachokwenda nacho kliniki, kina sehemu ya hatua za ukuaji. Kinaonyesha kwamba mtoto hugeukia sauti akiwa na miezi 2 hadi 3, hutembea kati ya miezi 12 na 18, na huanza kusema kati ya miezi 9 na 24. Tusiishie kwenye kurasa za chanjo na uzani. Tufungue na hii. Mpeleke mtoto akaangaliwe ukiona yafuatayo:

- Miezi 12: haitikii jina lake, hatoi sauti za "ba-ba, da-da", wala haonyeshi kitu kwa mkono.
- Miezi 18: hana hata maneno machache anayojaribu kutamka, au haelewi agizo rahisi kama "lete kikombe".
- Miaka 2: haunganishi maneno mawili, mfano "mama kuja" au "taka maji".
- Miaka 3: watu wasio wa nyumbani hawamwelewi mara nyingi.
- Umri wowote: alikuwa na maneno, sasa yamepotea. Hapa usingoje hata mwezi.

Unapohesabu maneno, hesabu ya lugha zote pamoja. Akisema "iia" kwa Kikamba akitaka maziwa, na "kuku" kwa Kiswahili, hayo ni maneno mawili. Kusikia lugha mbili au tatu hakusababishi mtoto kuchelewa kusema. Zungumza naye kwa lugha unayoijua vizuri zaidi, maana ndiyo utakayomwimbia, utakayomsimulia na kumtania kwa urahisi. Kumnyima Kikamba cha nyumbani ili "asichanganyikiwe" ni kumpunguzia maneno ya kusikia.

Kusikia kishindo si kusikia maneno

Mzazi akiulizwa kama mtoto anasikia, hujibu haraka: "Anasikia! Mlango ukigongwa anageuka. Mvua ikipiga mabati anashtuka." Lakini kishindo kina nguvu, na kingine huhisiwa kupitia sakafu au hewa. Maneno ni sauti ndogo. Mtoto anaweza kusikia mvua kwenye mabati na asisikie tofauti kati ya "shika" na "pika". Anayesikia nusu ya neno hawezi kulitamka lote.

Watoto pia ni werevu wa macho. Ukisema "twende" huku umeshika leso na mlango uko wazi, atakufuata hata kama hakusikia kitu. Jaribu hivi nyumbani: mtoto akiwa anacheza na hakuoni, simama nyuma yake hatua chache na umwite jina kwa sauti ya kawaida, bila kupiga makofi wala kugusa chochote. Rudia siku tofauti. Asipogeuka mara nyingi, hiyo ni sababu ya kwenda hospitalini. Akigeuka pia, bado hujampima. Kipimo kamili hufanywa kwa vifaa na mtaalamu wa usikivu.

Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto hutokana na sababu zinazoweza kuzuilika. Miongoni mwake ni surua, homa ya uti wa mgongo na maambukizi ya masikio yasiyotibiwa. Chanjo ya surua hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Ile ya pili husahaulika kwa urahisi, kwa sababu mtoto anaonekana mkubwa na mzima. Sikio linalotoa usaha si jambo la kawaida la utotoni, hata kama mtoto halii. Lipelekwe likatibiwe. Usitie mafuta, maziwa ya mama, dawa ya majani wala kijiti cha kiberiti.

Kama mtoto alizaliwa kabla ya wakati, alipata manjano kali, au aliwahi kulazwa kwa homa ya uti wa mgongo, mwambie daktari hata asipokuuliza.

Si kila anayechelewa ana shida ya masikio. Wengine wana usonji, wengine wamechelewa katika ukuaji wote, na kwa wengine sababu haionekani. Lakini masikio hupimwa kwanza, kwa sababu shida ya kusikia isipogunduliwa, juhudi nyingine zote hufanywa gizani.

Yasiyosaidia

Kumkata mtoto kilimi au utando wa chini ya ulimi kienyeji hakumfanyi aanze kusema. Ulimi uliofungwa unaweza kusumbua kunyonya au kutamka baadhi ya sauti, lakini haumzuii mtoto kuanza kuzungumza. Kumkata kienyeji kunaleta damu nyingi na maambukizi. Kama unadhani ulimi una tatizo, mwonyeshe daktari.

Simu na runinga nazo hazifundishi kusema. Katuni huongea lakini haimngoji mtoto ajibu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 haupendekezi skrini kwa mtoto wa mwaka 1, na kwa wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku.

Kumlaumu mama, au kusema nyumba ina laana, kunachelewesha safari ya kliniki. Baba na amwandamane mtoto hospitalini. Swali hili si la mama peke yake.

Mahali pa kwenda

Anza na zahanati iliyo karibu, au Hospitali ya Kaunti Ndogo ya Kilungu hapa Nunguni. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako anaweza kukuelekeza. Beba kijitabu cha mtoto. Sema wazi: "Mtoto wangu amechelewa kusema. Naomba masikio yake yaangaliwe." Ukiambiwa ngoja atasema, omba kwa heshima uandikiwe barua ya rufaa. Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Makueni iko Wote. Wataalamu wa tiba ya usemi hawako katika kila hospitali, na barua hiyo ndiyo itakayokufikisha kwao. Hakikisha pia umejisajili na SHA, na kwamba mtoto ameorodheshwa kama mtegemezi wako.

Njia nyingine ni vituo vya tathmini na nyenzo za elimu, vinavyojulikana kama EARC. Vilianzishwa nchini mwaka 1984 ili kuwatambua mapema watoto wenye mahitaji maalum na kuwaelekeza wazazi. Uliza afisi ya elimu ya kaunti ndogo kilipo cha karibu. Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, iliyoanzishwa mwaka 1986, iko Kasarani, Nairobi, na pia hufanya tathmini.

Wazazi wengi hufanya kazi Nairobi na mtoto hubaki na susu yake. Basi susu naye aende kliniki, kwa sababu yeye ndiye anayejua mtoto anaitikia nini mchana kutwa. Mrekodini mtoto kwa simu dakika 1 au 2 akicheza nyumbani. Mbele ya daktari watoto wengi hunyamaza, na video hiyo itamsaidia mtaalamu.

Mtoto akigunduliwa ni kiziwi, huo si mwisho wa lugha. Katiba ya 2010 inaitaka Serikali kukuza Lugha ya Ishara ya Kenya. Ni lugha kamili, na kumfundisha mtoto ishara hakumzuii kujifunza kutamka. Kinachomdhuru ni kukaa bila lugha yoyote.

Kazi ya nyumbani, kila siku

Hakuna haja ya vifaa vya kununua. Shughuli za kawaida zinatosha, iwe ni kupukuchua mahindi, kuchambua maharagwe ya isyo, kulisha kuku au kuoga.

1. Chuchumaa au keti, macho yako yawe sawa na yake, ili aone mdomo wako.
2. Taja kile anachokitazama yeye, si unachotaka wewe atazame. Akimtazama mbuzi, sema "mbuzi". Akiendelea kutazama, sema "mbuzi anakula".
3. Nyamaza na ungoje. Hesabu moja hadi kumi moyoni. Usimpe kila kitu kabla hajajaribu kuomba.
4. Mpe nafasi ya kuchagua: "Ndizi au parachichi?" Akionyesha kwa kidole, taja jina lake kisha umpe.
5. Ongeza neno moja juu ya lake. Akisema "maji", jibu "maji baridi".
6. Usimlazimishe kwa "Sema! Sema!", wala kumcheka mbele ya wageni. Kaka na dada wasimsemee kila mara.

Dakika 10 asubuhi na 10 jioni, kila siku, zinazidi somo refu la mara moja kwa wiki. Na kazi hii ifanywe wakati mnangoja tarehe ya hospitali, isiwe badala ya hospitali.

Maswali ya kujadili katika chama, kanisani au barazani

1. Je, mtoto wako amepata chanjo ya pili ya surua? Fungua kijitabu uhakikishe.
2. Taja tofauti kati ya kusikia kishindo na kusikia maneno.
3. Katika kijiji chenu, ni mtoto gani mnayesema "ataongea tu"? Nani atamsindikiza mzazi wake hospitalini wiki hii?