Usianze na Tiara: Vifaa vya Kaiti kwa Mwanafunzi Anayeanza

Tangu picha zangu za likizo zisambae kwenye grupu letu la wanachuo wa Nachingwea na Ruangwa, swali limekuwa lilelile: "Kaka, watatu tukichanga nusu ya bumu na hela kidogo ya korosho kutoka nyumbani, tununue kaiti gani?" Nimeshajibu mmoja mmoja hadi nimechoka, kwa hiyo naandika hapa mara moja.

Likizo mbili nimekuwa msaidizi wa ufukweni Paje, Zanzibar. Kazi yangu ni kujaza tiara upepo, kuzirusha, kuzikunja na kuwadaka wanaoanza wasiburuzwe. Kwa asiyeujua mchezo: unasimama juu ya ubao baharini, unavutwa na tiara kubwa ya kitambaa iliyofungwa kwenye kamba za mita 20 au zaidi. Ni tiara ileile ya utotoni, ila hii inamnyanyua mtu mzima.

Jibu langu fupi ni hili: tiara iwe kitu cha mwisho kununua.

Sisi wa Nachingwea tuna somo letu wenyewe kuhusu jambo hili. Mwaka 1947 Waingereza walianza Mpango wa Karanga, na maeneo yake yalikuwa Kongwa, Urambo na kwetu Nachingwea. Mashine zikaletwa, nyingine mabaki ya vita, kabla udongo na mvua havijajulikana vizuri. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, mamilioni ya pauni yamekwenda na maji. Kaiti nayo iko hivyohivyo: jua kwanza upepo na uzito wako, ndipo ufungue pochi.

Upepo na uzito

Paje kuna misimu miwili mizuri: kusi, hasa Juni hadi Septemba, na kaskazi, kuanzia Desemba hadi Februari hivi. Upepo hupimwa kwa noti; noti 1 ni kama kilomita 1.85 kwa saa. Kumbukeni fizikia ya sekondari: kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake inaongezeka mara nne. Upepo wa noti 12 unakubembeleza, wa noti 24 unakutupa.

Kukadiria ukubwa wa tiara, zidisha kilo zako kwa 2.2, kisha gawanya kwa noti za upepo. Jibu ni mita za mraba. Kwa upepo wa noti 16:

- kilo 50: kama mita 7
- kilo 65: kama mita 9
- kilo 85: karibu mita 12

Sasa mnaona tatizo la kuchanga watatu? Tiara ya mita 12 inayomfaa jamaa wa kilo 85 itamrusha dada wa kilo 50. Kuchangia hela siyo kuchangia saizi.

Hela iende wapi kwanza

*Moja, mafunzo.* Kozi ya mwanzo kwa kawaida ni saa 8 hadi 12, na vifaa ni vya shule. Humo ndimo utakapojua saizi yako, na kama mchezo wenyewe unauweza.

*Mbili, vya mwilini.* Kofia ngumu, jaketi la kuelea, viatu vya mpira (chini kuna matumbawe na viumbe wenye miiba), na mkanda wa kiuno unaokubana sawasawa, wenye kisu kidogo cha kukatia kamba. Mkanda unaopanda hadi kwapani haufai hata kama ni wa bure.

*Tatu, ubao.* Anayeanza achukue mpana na mrefu kidogo. Kwa mtu wa kilo 65, sentimita 140 au zaidi. Ubao mdogo unapendeza kwenye picha, ila unazama.

*Nne, tiara na fimbo yake.* Chagua ya kujaza hewa, maana inaelea na inaweza kuruka tena kutoka majini. Iwe na mfumo wa kupunguza nguvu ukisukuma fimbo mbali nawe. Zile za zamani zisizo na mfumo huo, achana nazo kabisa.

Ukiuziwa mtumba

Ijaze hewa asubuhi, irudie baada ya saa kadhaa, ikilegea, inavuja. Inyanyue juani utafute matundu na mishono iliyochoka. Funga kamba zote kwenye nguzo moja, zivute: zikipishana urefu, tiara itakwenda upande. Mwisho, jifunge mkanda, mwenzako avute kamba kwa nguvu zake zote, halafu sukuma kifyatuo cha dharura. Kisipoachia palepale, rudisha mzigo kwa mwenyewe. Muuzaji akikataa kipimo hiki, jibu mmeshalipata.

Na mkifika Paje, angalieni maji yakikupwa. Vigingi na kamba mtakavyoviona ni mashamba ya mwani. Akina mama wa pale wanalima tangu mwaka 1989. Tiara ikiangukia humo, mmejiumiza na mmeharibu riziki ya mtu.

Kwa hiyo wakuu wa kuchanga: bumu likiingia, lipieni kozi, kila mtu ya kwake. Baada ya hapo kodini vifaa kwa siku chache, kila mmoja aandike kilo zake, noti za siku hiyo na saizi aliyoimudu. Mkirudi na daftari hilo, nitakaa nanyi tuchague tiara.