Kanisa Likibadilika, Tushike Nini?

Siku hizi vijijini mwetu, Bukoba na Muleba, maneno ni mengi. Huku parokia imegawanywa mara mbili. Kule amekuja mchungaji mgeni. Kwingine vijana wameleta kinanda, na wazee wanasema, "Hili si kanisa letu tena." Wengine wamekaa nyumbani Jumapili. Wengine hawasalimiani hata msibani. Hilo la msibani ndilo linatutia hofu zaidi. Hebu basi tujifunze kwa waliotutangulia.

Mapadre Wazungu wa Kikatoliki walifika Kashozi mwaka 1892. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walifika Bukoba mwaka 1910. Lakini hao Wajerumani walikuta Wahaya wachache ambao tayari walikuwa Wakristo. Watu hao walikuwa wamejifunza Buganda, na vitabu vyao vilikuwa vya Kiganda. Huko Buganda Wakristo waliitwa "abasomi", yaani wasomaji. Kusoma na kusali lilikuwa jambo moja. Wanakisomo wenzetu, jina hilo ni letu pia!

Halafu ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Mwezi wa Juni 1915 Waingereza waliushambulia mji wa Bukoba, na mwaka 1916 utawala wa Wajerumani ukaondoka. Wamisionari wao nao hawakubaki. Sharika za Kilutheri zikawa kama nyumba isiyo na baba. Nani atafundisha? Nani atabatiza? Mzungu hayupo, na mchungaji Mhaya bado hajapatikana hata mmoja. Wengi wangesema mambo yamekwisha. Lakini walimu wa hapa hapa walishika kazi. Walikusanya watu na kuwasomea. Mmoja wao alikuwa Andereya Kajerero.

Katika miaka ya 1920 wakaja Wamethodisti kutoka Afrika Kusini ili kuzisaidia sharika hizo. Hapo ndipo shida ilipoanza. Baadhi ya waumini waliwafuata. Wengine, Kajerero akiwa pamoja nao, walisema watabaki na mafundisho waliyoanza nayo. Watu wa Buhaya wakagawanyika, nao walikuwa majirani, watu wa kuombana moto na chumvi. Kabla ya mwaka 1930 Wamethodisti walikuwa wameondoka na Wajerumani wamerudi. Mwaka 1929 Kajerero akawekewa mikono kuwa mchungaji. Sisi hatusemi kwamba upande mmoja ulikuwa wa watu wabaya. Tunaona tu kwamba waliosimama imara walikuwa na kitabu mkononi na walijua kukisoma. Hawakungoja kuambiwa na mtu, "Imani yako ni hii."

Vita ya Pili ilipoanza mwaka 1939, Wajerumani waliondolewa tena. Safari hii watu hawakushtuka sana. Walikuja Waswidi, na mmoja wao, Bengt Sundkler, alikuwa askofu wa Bukoba tangu 1961 mpaka 1964. Aliyempokea kiti ni Mhaya, Josiah Kibira. Mwaka 1977, katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam, Kibira alichaguliwa kuwa rais wa Walutheri wa dunia nzima. Kanisa lililoachwa yatima mwaka 1916 ndilo lililomtoa.

Wakatoliki nao waliyaona mabadiliko. Jimbo la Rutabo, kule Muleba, lilipewa jina hilo mwaka 1953, na askofu wake alikuwa Laurean Rugambwa. Mwaka 1960 Rugambwa akawa kardinali, na mwaka huo huo jimbo likaitwa Bukoba. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, wa 1962 mpaka 1965, misa ikaacha Kilatini, ikaja kwa lugha za watu. Kwa mzee aliyezoea sala za Kilatini tangu utoto, jambo hilo halikuwa dogo. Lakini mkate ulikuwa ule ule, na Injili ile ile. Sasa aliweza kuielewa.

Basi likija badiliko kwenu, kwanza ulizeni: linagusa imani, au linagusa mazoea? Kinanda ni mazoea. Saa ya ibada ni mazoea. Mkiona fundisho lenyewe limegeuzwa, fungueni kitabu, someni pamoja, kisha mwendeeni mchungaji au katekista mkamwulize kwa heshima. Kama ugomvi ni wa fedha au shamba la kanisa, ombeni mwandiko wa mkutano usomwe mbele ya watu wote. Tusikubali kusomewa kwa haraka haraka kama zamani, tulipokuwa tunaweka dole gumba tu. Na jirani akihamia upande mwingine, akifiwa nendeni. Pelekeni ndizi na kuni kama siku zote.

Maswali ya kujadili kikundini: Kanisani kwenu kumebadilika nini katika miaka kumi iliyopita? Katika hayo, lipi ni la imani na lipi ni la mazoea? Nani ameacha kuja, na nani kati yenu amekwenda kumwona?