"Mafuta Muhimu" au Mafuta ya Kunukia? Istilahi za Mimea Inayokabili Kupe

Utangulizi

Katika wadi ya Airport, eneo bunge la Changamwe, neno la Kiingereza limekuwa jina la mahali, ilhali kitu chenyewe huitwa uwanja wa ndege. Jina la mahali halidaiwi maana. Istilahi ya kitaalamu hudaiwa. Makala haya yanajadili istilahi mbili zihusuzo mafuta ya mimea yanayotumiwa dhidi ya kupe, na kubainisha kuwa kosa la istilahi laweza kumgharimu mfugaji ng'ombe wake.

1. Jina la mafuta

Baadhi ya tafsiri huyaita "mafuta muhimu". Mfasiri ameshika maana moja ya neno la Kiingereza, yaani "-a lazima", akaiacha iliyokusudiwa: kiini cha harufu ya mmea. Mafuta haya aghalabu hupatikana kwa kukeneka majani, maua au magome kwa mvuke, nayo hupotea hewani upesi. Istilahi "mafuta ya kunukia" huibeba sifa hiyo. Aidha, huyatenga na mafuta ya mwarobaini, ambayo hukamuliwa kutoka kwenye mbegu na hayapotei hewani kwa wepesi. Mpwani aliyezoea rihani, karafuu na kivumbasi hahitaji kufafanuliwa zaidi.

2. Kuua na kufukuza

Kupe humtambua mnyama kwa kunusa, akitumia kiungo kilichomo katika miguu yake ya mbele. Utafiti uliofanywa nchini Kenya na kuchapishwa mwaka 1995 ulionyesha kuwa mafuta ya Ocimum suave, mmea wa jamii ya kivumbasi, hufukuza na pia huua kupe aina ya Rhipicephalus appendiculatus. Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti mwingine ulioonyesha kuwa mafuta ya mgagani, mboga inayojulikana sana, humfukuza kupe huyohuyo. Yeye ndiye aenezaye ndigana kali, maradhi ambayo kwa Kiingereza yalipewa jina la pwani ya mashariki.

Katika usemi "dawa ya kupe", vitenzi kuua na kufukuza vyote viwili vimefichwa. Mfugaji anayedhani kupe wamekufa, kumbe wamefukuzwa tu, huenda akaacha kuogesha mifugo joshoni. Harufu ikiisha, kupe hurudi, na ndigana pamoja nao.

Hitimisho

Kiswahili tayari kina kiuadudu, neno lililoundwa kwa kuambatanisha kitenzi na nomino. Kwa kanuni hiyohiyo, makala haya yanapendekeza kiuakupe na kifukuzakupe, kila moja kwa kazi yake. Kabla ya kuyasanifisha, wanafunzi wa Kiswahili hawana budi kuwasikiliza wafugaji wenyewe: huenda lugha ya zizini imekwisha kutofautisha kile ambacho watafsiri wamekichanganya.