Somo: Kijana Anapoiogopa Skuli



Katika darsa iliyopita tuliletewa suali na mwenzetu mmoja wa Pwani ambaye kazi yake imemweka Longonot. Mwanawe wa miaka 15 hukataa kwenda skuli kila asubuhi ya mvua. Tumbo humuuma, hutapika, na jua likitoka hupoa. Nyumbani ameitwa mvivu. Jirani akashauri aandikiwe kombe.

Sisi twaona kijana huyu ana sababu. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, siku ambayo skuli za Kenya zilikuwa zifunguliwe, maji yaliyozuilika kwenye tuta la reli upande wa Kijabe yalibomoa njia yakateremka Mai Mahiu, karibu na mlima huo huo wa Longonot, yakaangamiza watu zaidi ya 45, wengi wao usingizini. Skuli zikaahirishwa hata tarehe 13 Mei. Septemba ya mwaka huo moto ukawaua wavulana 21 katika bweni la Hillside Endarasha, Nyeri. Kijana aliyeyasikia hayo, kisha akaambiwa "hapana neno", huacha kutuamini, na ana haki.

Nabii Musa alipoamrishwa kumwendea Firauni alisema waziwazi kuwa aogopa kuuawa. Hakukaripiwa, alipewa nduguye Harun afuatane naye. Nasi hukimbilia bakora, ambayo sharia ya elimu ya 2013 imewakataza hata walimu!

Basi tulimwambia mzazi amuulize mwanawe faragha: waogopa nini hasa, korongo, njia, au mtu? Kwani huenda nyuma ya mvua yuko mwenziwe amdhulumuye, naye aona haya kumtaja. Kisha aende mwenyewe akaione njia na skuli. Na wenye watoto wa bweni watazame: kanuni za Wizara za mwaka 2008 zataka milango ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na vyuma, na baina ya vitanda pawe na mita 1.2. Pakiwa na kasoro, ugomvi wa mzazi ni na skuli, si na mtoto.

Lakini asimwache akae nyumbani. Kila siku ya kukaa humpa raha ya saa moja na kuizidisha khofu ya kesho. Amsindikize mpaka mlango wa darasa, wiki ya pili mpaka lango, kisha nusu ya njia.

Juzi mzazi alitwambia kijana amemuuliza: mvua ikizidi nami nimo darasani, nani atakuja kunichukua? Baba hakuwa na jawabu. Siku ya pili akaenda kwa mwalimu mkuu kulitafuta.