Jeti namba ngapi baada ya kubadili eksozi?

SWALI: Fundi, naendesha bodaboda ya CC 150 huku Mbagala. Nimefunga eksozi ya wazi na kutoa boksi la chujio la hewa. Nikivuta mafuta hadi mwisho inakohoa, nikiachia inapiga risasi. Niweke jeti gani?

JIBU: Namba utaambiwa na plagi. Umeongeza hewa, petroli imebaki ileile, kwa hiyo injini inachemka na pistoni iko hatarini.

Anza na jeti kubwa ya kabureta, inayotawala kuanzia robo tatu ya mkono wa mafuta hadi mwisho. Soma namba iliyochongwa kichwani. Kama ni 110, jaribu 112 au 115, usirukie 130. Injini ikishapata moto, tafuta barabara tupu, vuta hadi mwisho sekunde chache, shika klachi, zima papo hapo, simama, fungua plagi. Kauri nyeupe: petroli bado haba. Kahawia kama chai ya maziwa: umefika. Masizi makavu: imezidi.

Milipuko ya kuachia mafuta ni habari ya jeti ndogo na skrubu ya hewa, lakini kwanza kagua gasketi ya eksozi kama haivuji.

Tafadhali, jeti isitobolewe kwa waya. Shaba ni laini. Tundu likipanuka, namba haina maana tena.

Na chujio lirudishe. Vumbi la barabara za ndani Mbagala linakwangua silinda, na hakuna jeti inayolizuia.